Waliozaliwa Usiku, Mvuani na Safarini: Ukunga Katika Vituo vya Afya vya Kitui na Makueni

Wakamba, jirani zetu wa bara, wana ada ya kumwita mtoto kwa saa au hali aliyozaliwa nayo. Mutuku na Nduku ni watoto wa usiku. Kioko aliiona dunia asubuhi. Wambua na Mumbua walikuja na mvua, na Kyalo alizaliwa mamake yumo safarini. Nasi watu wa pwani tunao akina Juma, Khamisi, Ramadhani na Mwanaidi, ila majina yetu huhesabu siku na miezi, ilhali yao husimulia jinsi uzazi wenyewe ulivyokuwa. Usiku, mvua, safari: ndani ya majina hayo zimo shida zinazomkabili mja mzito wa Kitui na Makueni hadi leo, nazo ndizo zinazokifanya kituo cha afya cha mtaani, chenye mkunga mmoja au wawili na vitanda vichache, kuwa jambo la uhai na mauti.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Kila aendaye Nairobi kwa basi huikata Makueni kuanzia Mtito Andei, akapita Kibwezi, Makindu na Emali hadi Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Mto Athi, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa kaunti hizi mbili, ndio huo huo unaoteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini karibu na Malindi. Katikati ya karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ya Kivoi wa Kitui ilikuwa ikifika Mombasa, na wafanyabiashara wa pwani nao walipanda bara. Biashara hiyo, na baadaye reli, ndizo zilizoupeleka Uislamu Ukambani. Zaidi ya historia kuna udugu. Nyumba nyingi za pwani zina binti aliyeolewa Kibwezi au mjini Kitui, au kijana aliyeoa huko. Binti huyo anapoingia mwezi wa tisa, mamake aliye Kisauni au Likoni hapati usingizi.

Tuanze na ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa na 1,136,187 katika kaunti ya Kitui. Idadi hizo zinakaribiana. Lakini Mombasa ina kilomita za mraba zipatazo 220, na Kitui ina zaidi ya 30,000, yaani umma unaokaribia kulingana umetawanyika juu ya nchi iliyo kubwa kwa zaidi ya mara 130. Makueni ni ndogo kuliko Kitui, ina kilomita za mraba zipatazo 8,000 na watu 987,653. Upande wa Mbooni ni vilima, upande wa Kibwezi ni ukavu na joto. Mama wa Majengo, Mombasa, akishikwa na uchungu, hospitali kuu ya Makadara ni mwendo wa tuktuki. Mama wa Mutha, kusini mwa Kitui, au wa Ngomeni, kaskazini, hana tuktuki wala lami ya kumfikisha hospitali kuu, na bodaboda inayomchukua usiku hupita katika mchanga na mawe.

Serikali ya Kenya imezipanga huduma za afya kwa ngazi: ya kwanza ni nyumbani penyewe, ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali kama zile za Makindu na Mwingi, na juu yake hospitali za rufaa mijini Kitui na Wote. Kituo cha afya, kwa kawaida, hakina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongeza. Kazi yake ni kumzalisha mama ambaye uzazi wake unakwenda sawa, na kumshika yule ambaye wake umeharibika hadi afike kwenye kisu na damu. Hapo katikati, baina ya uzazi mwema na hospitali iliyo mbali, ndipo ulipo ujuzi wote wa mkunga. Anatakiwa aweze kuchoma sindano za kuzuia damu, degedege na maambukizi, kuitoa kondo iliyogoma, kumsaidia mtoto aliyechelewa kutoka, na kumpulizia pumzi mtoto aliyetoka kimya. Vitu hivyo haviwezi kusubiri gari.

Wataalamu wa uzazi wameupima muda huo. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, akikosa tiba, anaweza kufariki katika muda wa saa 2. Aliyeshikwa na kifafa cha mimba huwa na kama siku 2, ambaye uzazi wake umekwama kama siku 3, na aliyepata maambukizi ya kizazi kama siku 6. Mwenye kuitazama hesabu hii vizuri ataona kwamba hospitali kubwa, hata ingekuwa nzuri namna gani, haimfai mwanamke anayetokwa na damu katika kijiji kilicho saa 3 kutoka hapo. Anayemfaa ni mtu aliye karibu, aliye macho, mwenye sindano mkononi. Kwa hivyo tunaposikia viongozi wakizindua majengo marefu, tuna haki ya kuuliza habari za vituo vidogo: nani analala pale usiku?

Sindano yenyewe ni oksitosini. Mkunga humchoma mama yuniti 10 za dawa hiyo katika dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka, ili kizazi kijikaze na mishipa ifungike. Dawa ni rahisi, lakini ina tabia moja inayoikosesha raha nchi ya joto: hutaka kuwekwa katika baridi, baina ya nyuzi 2 na 8. Jua la Kitui halina subira na dawa kama hiyo. Umeme ukikatika siku mbili na friji ikakaa bila baridi, chupa zitaonekana zile zile kwa macho, na nguvu yake itakuwa imepungua bila ya yeyote kuona. Ndiyo maana taa na friji za sola katika zahanati si pambo. Vipo vidonge vya misoprostoli visivyohitaji baridi, na ipo dawa mpya ya kuzuia damu, kabetosini, inayostahimili joto. Vyote viwili ni rehema kwa vituo vya aina hii vinapofikishwa.

Mwaka 2023 kulitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukawahusu wanawake zaidi ya 200,000. Watafiti waliona kwamba kosa kubwa lilikuwa macho: wakunga waliikisia damu iliyomwagika kwa kuitazama tu, na mara nyingi waliikisia pungufu. Walipopewa karatasi ya plastiki inayotandikwa chini ya mama, yenye mfuko na alama za kipimo, na wakaambiwa wasingoje bali watoe tiba zote kwa pamoja mara damu inapofika kiwango, matukio ya uvujaji mkali wa damu na madhara yake yalipungua kwa asilimia 60. Katika tiba hizo ya kwanza ni kukikanda kizazi. Bibi zetu wa pwani wanaomkanda mzazi kwa mafuta na maji ya moto, wakamfunga mkaja, wangefurahi kusikia neno hilo, ingawa ukandaji wa mkunga si ule wa arobaini: hufanywa papo hapo, mkono juu ya tumbo, mpaka kizazi kiwe kigumu kama mpira.

Kifafa cha mimba kinataka maneno ya peke yake, kwa sababu sisi Waislamu wa pwani, na ndugu zetu wa Ukambani vile vile, tumekizoea kwa jina jingine. Mja mzito anaumwa kichwa sana, macho yanaingia kiwi, uso na mikono inavimba. Mara anaanguka, anakakamaa na kutoa povu. Watu husema amepandwa. Huitwa mwalimu asome, hutafutwa kombe na ubani. Hakuna Muislamu anayeipinga Qur'ani kuwa shifaa, na mwenye kumsomea mgonjwa amefanya jema. Lakini ugonjwa huu una chanzo katika mwili, unaonekana katika kipimo cha shinikizo la damu kinapofika 140 kwa 90 na katika mkojo, na una dawa yake, magnesiamu salfeti, ambayo kituo cha afya kinatakiwa kuwa nayo. Kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari. Gari haliwezi kungoja kisomo kiishe.

Ndipo unapoonekana umuhimu wa kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mja mzito aonane na mhudumu mara 8, badala ya mara 4 za zamani, na ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wanawake wetu wengi huificha mimba kwa kuchelea jicho, wakajitokeza mwezi wa sita au wa saba. Kuficha mimba kwa majirani ni hiari ya mtu. Kumficha mkunga ni kumnyima nafasi ya kuona shinikizo linavyopanda, damu inavyopungua, na mtoto alivyolala. Mama akienda katika mwezi wa Ramadhani, amwulize pia habari ya saumu, kwani sheria imemruhusu anayejichelea mwenyewe au kumchelea mtoto wake kufungua na kulipa baadaye, na anayejua hali ya damu yake ni yule aliyeipima.

Sasa turudi kwa Wambua. Kitui na Makueni hupata mvua za misimu miwili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, na mito yake mingi ni ya msimu: miezi mingi ni mchanga mkavu ambao wanawake huuchimba kutafuta maji, kisha siku moja inateremka kwa kishindo. Tarehe 4 Disemba 2021 basi lililowabeba watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, likachukuliwa na maji, wakafa watu zaidi ya 30. Nchi nzima ilisikitika. Yapasa kukumbuka kwamba vivuko vya namna hiyo ndivyo anavyovuka mja mzito mwenye uchungu, bila ya kamera wala viongozi. Mkunga mwenye busara humwambia mama anayekaa ng'ambo ya mto asingoje uchungu katika mwezi wa Novemba. Ahamie mapema kwa jamaa aliye upande wa kituo. Ushauri huo hauhitaji fedha za serikali. Unahitaji shangazi au mkwe mwenye chumba.

Mwezi Februari 1987, mjini Nairobi, ulifanyika mkutano wa kimataifa uliozindua juhudi za uzazi salama duniani. Baada yake wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba wanawake hufa kwa ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mvua na masafa ni ule wa pili. Ule wa tatu ni wa serikali na wafanyakazi wake. Wa kwanza ni wetu, na ndio unaoniuma zaidi nikitazama jamii zetu, kwa sababu hauna bei.

Chukua mfano wa nyumba moja ya Kibwezi, ya kubuni, lakini iliyo mfano wa nyingi. Mume anafanya kazi bandarini Mombasa. Mke yuko na mama mkwe. Saa nne ya usiku maji yanavunjika. Mama mkwe, ambaye alizaa watoto saba nyumbani na wote wakaishi, anasema mtoto wa kwanza huchukua muda, tungoje kuche. Mke anataka kwenda lakini hana ruhusa. Simu ya mume imezimwa, au ina chaji lakini yeye yumo zamu. Pesa zimo katika simu ya mume. Dereva wa probox anayejulikana hajaongewa. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Kila mmoja ana heshima zake na sababu zake, na saa zinapita.

Kinachoweza kulitatua jambo hili ni mazungumzo ya nusu saa, yafanywe mwezi wa saba, mume akiwa nyumbani kwa likizo au hata kwa simu. Mume atamke mbele ya mamake kwamba mkewe ana ruhusa ya kutoka saa yoyote. Mama mkwe apewe heshima ya kuwa ndiye mwenye kumsindikiza. Pesa za gari ziwekwe kwa mama, si katika simu iliyo Mombasa. Namba za madereva wawili ziandikwe. Watafutwe watu wawili wa ukoo wenye damu inayopatana naye, wajue kwamba huenda wakaitwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mola. Na mke mwenye mimba ana haki kubwa zaidi ya kufanyiwa maandalizi kuliko ngamia.

Bei ya uzazi nayo ina historia ndefu, na watu wa Kitui wana fungu lao ndani yake. Charity Ngilu, mwanasiasa wa Kitui, alipokuwa Waziri wa Afya, mwaka 2004 serikali ilishusha malipo ya zahanati hadi shilingi 10 na ya kituo cha afya hadi shilingi 20, na mwaka 2007 ada ya kujifungua katika ngazi hizo ikafutwa. Tarehe 1 Juni 2013, Sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza uzazi bila malipo katika hospitali zote za umma, na baadaye mpango huo ukaitwa Linda Mama. Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza Kivutha Kibwana, ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2016 kila kaya iliyolipa shilingi 500 kwa mwaka ilitibiwa katika hospitali za kaunti, na mjini Wote ikajengwa hospitali ya mama na mtoto. Takwimu za nchi zinaonyesha matunda. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 62 ya uzazi ukisimamiwa na mhudumu aliyesomea. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 89. Hata hivyo sensa ya 2019 ilikadiria akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya. Kufika mlangoni mwa kituo hakutoshi ikiwa ndani hamna dawa, maji wala mtu.

Tangu Oktoba 2024 Linda Mama imeingizwa ndani ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Jambo la kuzingatia ni hili: huduma za kawaida za zahanati na kituo cha afya hutolewa kwa aliyejiandikisha, lakini kujifungua hulipwa na hazina ya bima, ambayo hutaka mchango uwe umelipwa. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa mapato ya kaya, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Mwenye kungoja siku ya uchungu ndipo ajiandikishe atakuwa amechelewa. Nasema wazi kwamba kwa mkulima wa Kitui ambaye mahindi yake yamekauka, kutoa 3,600 kwa mkupuo mmoja si jambo jepesi, na kuondoka katika mpango uliomtaka mama aje na kitambulisho tu na kuingia katika huu ni kurudi nyuma hatua moja. Wenye uwezo katika misikiti wamezoea kulipia maji na futari. Bima ya mja mzito maskini ni sadaka ya aina hiyo hiyo.

Wakunga wa jadi hawakutoweka. Kwa vizazi vingi wao ndio waliokuwa kituo cha afya cha kila kijiji, Ukambani na pwani, na wengi wetu tunaosoma haya tulipokewa na mikono yao. Miaka ya 1970 na 1980 mataifa yalijaribu kuwapa mafunzo mafupi na vifaa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 shirika la AMREF lilianzisha huko Kibwezi mpango wake mashuhuri wa afya vijijini, uliowafundisha wanavijiji wenyewe kuwa wahudumu. Baadaye ilionekana kwamba mafunzo mafupi hayazuii damu wala hayapasui tumbo, na sera ikageuka: mkunga wa jadi asizalishe, bali amlete mama kituoni na akae naye. Mimi naona sera hiyo ni sahihi, lakini imetekelezwa kwa ubaridi. Ajuza aliyeheshimiwa miaka 40 hakubali kuwa tarishi. Vituo vinavyomruhusu aingie chumbani, amshike mama mgongo, amnong'oneze, na baada ya uzazi ampikie uji, huwa vimempata mshirika. Vinavyomwacha nje ya lango humrudishia wateja wake kimyakimya. Siku hizi wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao na serikali mwezi Septemba 2023, nao huingia nyumba kwa nyumba. Wengi wao ni majirani wa kawaida wanaopata posho ndogo. Mmoja akibisha hodi kwako, mkaribishe.

Limebaki jambo ambalo wanaume wetu huliuliza kwanza na mimi nimeliweka mwisho: nani atamtazama mke wangu? Katika zahanati nyingi muuguzi ni mmoja, na huenda akawa mwanamume. Wanavyuoni wamekwisha kulizungumza. Mwanamke humtangulia mwanamume katika kuwatibu wanawake, na akikosekana mwanamke, dharura huruhusu tabibu mwanamume, kwa kiasi cha haja. Hakuna fakihi aliyesema mama aachwe afe kwa kulinda sitara. Hata hivyo kuona haya kwa mwanamke ni kitu cha kuheshimiwa, na mkunga wa Kikamba, Mkristo, anayefunga pazia, anayewaondoa wapita njia na kumfunika mzazi kwa leso yake, amefanya adabu ambayo dini yetu inaijua. Mzazi naye anaweza kuyaomba haya kwa upole mapema, wakati wa kliniki, na pia kuomba aingie na mamake au dada yake.

Lakini nataka niwageuzie wanaume swali hilo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliitengea kazi ya ukunga mlango mzima, akaihesabu miongoni mwa kazi ambazo mji hauwezi kuishi bila ya kuwa nazo. Alieleza kwamba mkunga huitwa kwa Kiarabu qabila, yaani mpokeaji, kana kwamba mama anatoa na yeye anapokea. Na akakiri kwamba katika maradhi ya mtoto mchanga wakunga humshinda tabibu hodari. Kabla yake Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliihesabu tiba kuwa faradhi ya kutoshelezana, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu zenye vyeo, wakawaachia watu wa dini nyingine utabibu wa miji yao. Karne 9 zimepita, na lawama hiyo inatufaa kama iliyoandikwa jana. Tunataka wake zetu wapokewe na wanawake, tena Waislamu. Je, binti zetu wangapi tumewapeleka kusomea kazi hiyo?

Njia iko wazi. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, hufundisha diploma ya uuguzi inayojumuisha ukunga na afya ya jamii, na muda wake ni miaka 3. Binti aliyemaliza kidato cha nne kwa wastani wa C, na kufanya vizuri katika baiolojia na lugha, anaweza kuomba. Pwani kuna kampasi Mombasa, Port Reitz, Msambweni na Kilifi. Ukambani ziko Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu, na katika vyuo hivyo mwanafunzi hujifunza kazi katika hospitali na vituo vya mashambani, mahali ambapo mkunga hufanya mengi kwa mikono yake kwa sababu hakuna daktari wa kumwita. Mzazi anayechelea kumpeleka bintiye mbali ajue kwamba misikiti iko katika miji yote hiyo minne, na familia za Kiislamu zipo. Makindu iko kando ya barabara kuu yenyewe. Basi linaloondoka Mwembe Tayari baada ya sala ya alfajiri huwa limefika huko kabla ya alasiri.